Safari ya Kwanza China: Guangzhou na Beijing kwa Siku 11, Hatua kwa Hatua na Yuan kwa Yuan

Safari nyingi za China huharibikia nyumbani, wiki mbili kabla ya ndege kuruka. Jina kwenye tiketi limepishana na la pasipoti kwa herufi moja. Kadi ya benki haijawahi kujaribiwa nje ya nchi. Simu haina programu hata moja inayofanya kazi kule. Ukifika na matatizo hayo, kuyarekebisha kunakula muda na pesa, kwa sababu China ya leo karibu kila kitu hupitia vitu viwili: pasipoti na simu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi unazozimaliza ukiwa bado kwako.

Tumechukua safari ya siku 11, usiku 10, kwa mwenye pasipoti ya Afrika Mashariki au Kongo anayekwenda kwa mara ya kwanza: siku tatu Guangzhou, tano Beijing, kisha kurudi Guangzhou kupanda ndege. Guangzhou imewekwa mwanzo na mwisho kwa sababu ndiko ndege nyingi kutoka kwetu zinakotua, na ndiko utakapopata kirahisi mtu wa kukuelekeza kwa Kiswahili au Kilingala.

Hatua ya 1: Tarehe

Epuka nyakati tatu. Ya kwanza ni Oktoba 1 hadi 7, wiki ya sikukuu ya taifa, ambapo nchi nzima husafiri na tiketi za treni huisha mara tu zikifunguliwa. Ya pili ni Mwaka Mpya wa Kichina, ambao tarehe yake huhama: mwaka 2026 ni Februari 17, mwaka 2027 ni Februari 6. Hapo viwanda na maduka ya jumla hufungwa kwa wiki kadhaa, na aliyekuja kununua mzigo hukuta makufuli. Ya tatu ni siku za mwanzo za Mei.

Kuna pia Maonyesho ya Canton, maonyesho ya biashara ya Guangzhou, ambayo hufanyika Aprili 15 hadi Mei 5 na tena Oktoba 15 hadi Novemba 4. Kama ni mfanyabiashara, hapo ndipo mahali pako. Kama si mfanyabiashara, kaa mbali, maana bei za hoteli hupanda sana siku hizo.

Nusu ya kwanza ya Novemba, maonyesho yakishaisha, ndiyo tunayoipendekeza. Guangzhou imekauka na joto lake limepungua, Beijing ni baridi ya koti lakini bado inatembeleka, na viingilio vya Beijing vimeshuka kwenye bei ya msimu mdogo. Kati ya Mei na Septemba Guangzhou ina joto, mvua na wakati mwingine kimbunga. Beijing ya Januari ni baridi ya chini ya sifuri, na mtu wa pwani asiyekuwa na nguo za kufaa atashinda hotelini.

Hatua ya 2: Pasipoti, chanjo na viza

Pasipoti iwe na angalau miezi sita mbele na kurasa tupu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano, kipatikane mapema, kwa kuwa chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa. Aliyechanjwa zamani hahitaji kurudia. Tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha.

Viza ya utalii ni aina ya L, ya biashara ni M. Kwa L utaonyesha ratiba, nafasi ya ndege na hoteli, au barua ya mwaliko ya mwenyeji. Kwa M unahitaji barua ya mwaliko ya mshirika wa biashara aliyeko China au ya waandaaji wa maonyesho. Usiombe L huku ratiba yako imejaa masoko ya jumla. Omba inayolingana na unachokwenda kufanya.

Fomu hujazwa mtandaoni kwanza, kisha unapeleka pasipoti kunakopokelewa maombi. Kazi ya kawaida huchukua siku 4 za kazi ikiwa hakuna kasoro, lakini anza mwezi mmoja na nusu kabla. Kasoro inayorudisha watu wengi ni picha: inatakiwa milimita 33 kwa 48, mandhari nyeupe, masikio na uso wote vionekane. Ya pili ni majibu yasiyolingana, mfano tarehe za hoteli kutofautiana na za ndege.

Ukishapewa viza, isome. Ina vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: tarehe ya mwisho ya kuingia, na idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa kila unapoingia. Ukizidisha siku, faini ni yuan 500 kwa kila siku, hadi yuan 10,000, na unaweza kuwekwa mahabusu. Tena, kwenda Hong Kong au Macau ni kutoka China bara. Mwenye viza ya kuingia mara moja akivuka Hong Kong kutembea siku moja tu, hataruhusiwa kurudi Guangzhou kwa viza ile. Makosa haya hutokea kwa sababu Hong Kong iko karibu sana kwa treni na inaonekana kama mtaa wa jirani.

Utasikia habari za kuingia China bila viza kwa saa 240 ukiwa njiani kwenda nchi ya tatu. Utaratibu huo upo, ila orodha ya nchi zake haina pasipoti zetu. Ndugu walioko Ulaya au Marekani wenye pasipoti za huko ndio waangalie kama wamo.

Hatua ya 3: Ndege

Usilipie tiketi isiyorudishiwa pesa kabla viza haijatoka. Weka nafasi tu, au nunua tiketi inayoruhusu kubatilishwa. Linganisha safari za moja kwa moja kutoka kanda yetu na zile za kupitia Addis Ababa, Dubai au Doha, na uangalie uzito wa mizigo sambamba na bei. Tiketi yenye mabegi mawili ya kilo 23 inaweza kuwa ghali kidogo, lakini ni nafuu kuliko kulipia begi la ziada kwenye kaunta wakati wa kurudi. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye ukurasa wa picha wa pasipoti, herufi kwa herufi.

Hatua ya 4: Simu na malipo

Hapa tumia jioni mbili nzima, siyo dakika kumi.

WhatsApp, Google, YouTube, Facebook na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya China. Njia nyepesi ni kununua eSIM (laini ya simu isiyo na kadi) ya safari kutoka nje ya China kabla ya kuondoka. Data yake hupitia mtandao wa nje, hivyo WhatsApp huendelea kufanya kazi. Lakini ukijiunga na Wi-Fi ya hoteli, umerudi kwenye vizuizi vilevile. VPN, programu ya kupita vizuizi hivyo, isakinishwe na kujaribiwa nyumbani, kwa sababu ukiwa kule kuipata ni tabu. Ramani ya Google hukosea mahali kwa mamia ya mita. Pakua Amap, ramani ya Kichina, ina sehemu ya Kiingereza. Pakua pia programu ya kutafsiri pamoja na kamusi ya Kichina ya kutumia bila intaneti.

Malipo hufanyika kwa programu mbili za simu, Alipay na WeChat. Sakinisha zote mbili, thibitisha jina kwa pasipoti, kisha unganisha kadi ya Visa au Mastercard. Fanya hivi:

– Unganisha kadi mbili za benki tofauti, maana moja ikigoma ya pili inakuokoa.
– Iambie benki yako tarehe utakazokuwa China na uulize kikomo cha matumizi kwa siku. Benki nyingi husimamisha kadi zikiona malipo ya ghafla kutoka nchi ngeni.
– Washa huduma ya laini yako ya nyumbani kufanya kazi nje ya nchi, hata kama ni kwa kupokea ujumbe tu. Ile namba ya uthibitisho ya benki hutumwa kwenye laini hiyo. Watu wengi huitoa laini, huweka ya China, halafu kadi inadai tarakimu sita ambazo haziwezi kuwafikia.
– WeChat inaweza kukutaka mtumiaji wa zamani akuthibitishe unapofungua akaunti. Tafuta mtu huyo kabla ya kusafiri.

Kwa kadi ya nje, malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato. Yakizidi hapo hukatwa asilimia 3. Bili ya yuan 300 inakugharimu 9 za ziada. Mwombe muuzaji kwa upole aigawe mara mbili za 150. Vilevile kadi ya nje haitumi pesa kwa mtu binafsi. Kwenye vibanda vya sokoni, muuzaji akikuonyesha msimbo wa QR wa akaunti yake binafsi, malipo yanaweza kugoma.

Ndiyo maana unabeba taslimu pia. Yuan 1,000 hadi 1,500 zinatosha kwa siku 11, nyingi ziwe noti za 10, 20 na 50. Badilisha dola benki au kaunta ya uwanja wa ndege ukiwa na pasipoti. Mtu wa barabarani mwenye kiwango kizuri mno mwache apite. Noti kubwa kabisa ni ya yuan 100. Ukiingia na zaidi ya dola 5,000 taslimu, zitangaze forodhani, kwa sababu bila karatasi hiyo utapata shida kutoka nazo.

Hatua ya 5: Hoteli

Hoteli safi ya kawaida yenye bafu ndani ni yuan 200 hadi 300 kwa usiku, Beijing ikiwa juu kidogo. Chagua kwa kuangalia umbali hadi kituo cha metro (treni ya mjini): dakika 10 kwa miguu au chini. Guangzhou, mtaa wa Xiaobei una Waafrika wengi, mikahawa ya halali na watu wanaoelewa mahitaji yako. Andika ujumbe hotelini kabla ya kulipa, uulize kama wanapokea wageni wa pasipoti za nje, kwani baadhi ya hoteli ndogo wafanyakazi hawajui kusajili mgeni na wanakukatalia mlangoni saa tano za usiku.

Ukifika utaombwa amana, mara nyingi yuan 100 hadi 300. Hurudishwa siku ya kuondoka, lakini pesa hiyo iwepo mkononi. Hoteli hukusajili polisi yenyewe. Ukilala kwa ndugu au mwanafunzi mwenzako, nyinyi ndio mnatakiwa kwenda kusajili kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24.

Hatua ya 6: Treni ya Guangzhou–Beijing

Ni takribani kilomita 2,300, na treni za kasi zaidi huzimaliza kwa saa 8 hivi. Daraja la pili lilikuwa karibu yuan 862 kwa njia moja kabla ya nauli kupanda mwaka 2024, kwa hiyo angalia bei ya siku hiyo. Treni ya kawaida ya usiku huchukua zaidi ya saa 20, kitanda cha daraja la chini ni karibu nusu ya bei hiyo, na unaokoa usiku mmoja wa hoteli. Mwenye mgongo mzuri na subira aifikirie.

Tiketi hufunguliwa siku 15 kabla. Nunua kwa 12306, mfumo wa shirika la reli lenyewe, au kwa Trip.com ambayo huongeza ada lakini ni rahisi kwa kadi za kwetu. Kwa 12306 fungua akaunti wiki tatu kabla, kwa sababu uhakiki wa pasipoti huchukua muda. Ukibatilisha zaidi ya siku 8 kabla hukatwi kitu. Chini ya saa 24 hukatwa asilimia 20.

Hakuna tiketi ya karatasi. Pasipoti yako ndiyo tiketi. Kwenye mageti ya kujihudumia pasipoti ya nje mara nyingi haisomeki, basi elekea geti lenye mhudumu. Fika saa nzima kabla, kwa sababu kuna ukaguzi wa mizigo, stesheni ni kubwa, na geti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka. Hawakusubiri.

Soma jina la stesheni hadi herufi ya mwisho. Mji mmoja una stesheni nyingi, na tofauti iko kwenye mkia wa jina: nan ni kusini, bei kaskazini, xi magharibi, dong mashariki. Guangzhounan na Guangzhou ni stesheni mbili tofauti, na kutoka moja hadi nyingine ni safari ndefu ya metro. Treni nyingi za kasi kutoka Guangzhou huishia Beijingxi.

Halafu saa. China nzima inatumia saa moja, na iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Tiketi inaandikwa kwa hesabu ya kuanzia usiku wa manane: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:00 ni saa nane mchana. Ukiwa unapanga na mwenzako kwa Kiswahili, andikeni saa kama ilivyo kwenye tiketi, msitafsiri mdomoni. Kosa hilo limeshawaacha watu stesheni.

Hatua ya 7: Viingilio vya Beijing

Gugong, kasri la wafalme wa kale, hufungwa Jumatatu na huwezi kununua tiketi mlangoni. Huuzwa mtandaoni kwa pasipoti, siku 7 kabla, kuanzia 20:00 ya Beijing, yaani saa tisa alasiri ya Afrika Mashariki. Bei ni yuan 60 Aprili hadi Oktoba, yuan 40 Novemba hadi Machi. Uwanja wa Tiananmen hauna kiingilio lakini nao unahitaji nafasi iliyowekwa mapema.

Kwa Ukuta Mkuu chagua sehemu ya Mutianyu badala ya ile ya Badaling. Ni mbali kidogo, lakini msongamano ni mdogo na utapata hata nafasi ya kupumua. Kiingilio ni yuan 40, na kigari cha kebo kwenda na kurudi ni yuan 140. Kwa nauli na mengineyo tenga yuan 300 kwa siku hiyo.

Bajeti ya mtu mmoja, bila ndege wala viza

– Hoteli: usiku 10 × 250 = 2,500
– Chakula: siku 11 × 100 = 1,100
– Treni kwenda na kurudi, kwa nauli ya zamani: 862 × 2 = 1,724
– Metro na mabasi: siku 11 × 25 = 275
– Teksi za dharura: 200
– Viingilio vyote: 450
– eSIM: 150

Jumla ni yuan 6,399. Ongeza asilimia 15 ya tahadhari, ambayo ni 960, inafika 7,359. Kwa hesabu ya yuan 7 kwa dola moja, ni karibu dola 1,050. Wawili mkilala chumba kimoja, kila mmoja anashuka hadi karibu dola 850; hakuna mahali pengine unapookoa pesa nyingi namna hiyo. Angalia kiwango cha siku hiyo kabla ya kugeuza kuwa shilingi au faranga.

Yuan 100 za chakula zinatosha. Mandazi ya mvuke na maziwa ya soya asubuhi hayafiki 10, bakuli la tambi za nyama ya ng'ombe ni 15 hadi 20, chakula cha jioni 30 hadi 50. Kwa Waislamu, tafuta maandishi 清真 (qingzhen) mlangoni, yaani halali. Migahawa ya tambi za Lanzhou iko kila mji, na Beijing kuna mtaa wa Niujie wenye msikiti wa zamani. Bila alama hiyo usidhani: neno nyama peke yake kwa Kichina kwa kawaida ni nguruwe, na hata mboga zinaweza kukaangwa kwa mafuta yake. Maji ya bomba hayanywewi. Kila chumba kina birika.

Siku ya kufika

Beba mkononi, kwa karatasi: anwani ya hoteli kwa herufi za Kichina, nakala ya viza, tiketi ya kurudi, kadi ya njano. Adapta ni lazima, kwani plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi zao. Umeme wenyewe ni volti 220, hauna shida. Pawabenki iwe kwenye begi la mkononi na isizidi Wh 100. Kwenye ndege za ndani ya China, tangu Juni 28, 2025, isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya Kichina, hunyang'anywa.

Kutoka uwanja wa Baiyun panda metro, njia namba 3. Nauli haifiki yuan 10. Ukifika usiku metro imefungwa, fuata foleni rasmi ya teksi au ita Didi (teksi ya kuitwa kwa simu) ndani ya Alipay, na usimfuate anayekuita kwenye ukumbi wa kutokea. Pasipoti tembea nayo siku zote. Polisi ni 110, gari la wagonjwa 120.

Kurudi

Usijaze treni mzigo wa soko; kikomo ni kilo 20 kwa mtu mzima. Nunua mzigo mzito Guangzhou siku mbili za mwisho, uupime hotelini, na kinachozidi kilo za ndege kikabidhi kwa wakala wa kusafirisha mizigo, ukiwa na risiti yenye idadi ya vipande na uzito.

Ukinunua vitu vya yuan 200 au zaidi kwa siku moja kwenye duka lenye nembo ya kurudisha kodi, omba fomu papo hapo kwa pasipoti. Uwanjani nenda kaunta ya forodha kabla ya kukabidhi mabegi, maana afisa anaweza kutaka kuona bidhaa zenyewe, na begi likishaingia kwenye mkanda fomu yako haina kazi tena.